Ubao Ninaodaiwa na Dorika

Nakumbuka Jumapili moja alasiri, na kabla sijasema lolote nitawataja wote waliokuwepo, kwa sababu kila mmoja wao aliiona aibu yangu na ni haki yao kutajwa. Alikuwepo Fundi Gurdit, seremala wa mabehewa katika karakana ya reli, mzee mwenye kilemba na ndevu nyeupe, ambaye mtaani walimwita Kalasinga lakini sisi tulimwita Fundi tu. Alikuwepo Juma wa Bondeni, aliyewahi kuchochea makaa katika meli za ziwa kule Kisumu kabla kifua chake hakijakataa vumbi. Alikuwepo Koplo Kiplagat, aliyerudi kutoka vita vya Burma na kitu kimoja tu kichwani, nacho ni ile meli iliyompeleka huko. Alikuwepo dada yangu Dorika, ambaye hakuwa na kawaida ya kuja. Nilikuwepo mimi, Zakayo. Na ukipenda kumhesabu, alikuwepo pia punda wa kiwanda cha mbao, maana birika kubwa la maji tuliloshushia meli zetu lilikuwa lake la kunywea, na sisi tulikuwa wageni wake.

Mwanangu, najua utauliza meli zilitafuta nini Nakuru. Ziwa tulikuwa nalo, lakini ni la magadi, na matope ya ukingoni yangekumeza hadi kiunoni kabla hujafika penye maji ya kutosha hata bata. Hata askari aliyetujia siku moja aliuliza hilo hilo. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wanaume wanne wakikaa pamoja lazima mtu aje kuwauliza wanakaa kwa nini. Alisimama, akazitazama zile meli za mbao, kila moja urefu wa mkono, zimepangwa juu ya ubao kama samaki sokoni.

"Hizi zinakwenda wapi?"

"Ng'ambo ya birika, afande," Juma akamjibu. "Upepo ukikubali."

Yule askari alimtazama punda, akatutazama sisi, akavuta gogo akaketi. Aliondoka jua likizama, na Jumapili iliyofuata alirudi bila kutumwa na mtu.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Wiki nzima tulifanya kazi za watu, lakini Jumapili baada ya ibada, kila mtu na ibada yake, tulikutana nyuma ya kiwanda cha mbao, mahali treni ya kutoka Elburgon ilipokuwa ikishusha magogo, tukatengeneza meli. Hatukuziuza. Hatukushindana. Tulizitengeneza kwa sababu mtu akishika kipande cha mbao, akakikunja polepole juu ya mvuke wa sufuria mpaka kikakubali kulala ubavuni mwa meli bila kuvunjika, anasahau kwa muda kwamba kuna Jumatatu. Juma alitengeneza meli za ziwani, zenye bomba moja, na alijua kila kitu kilicho ndani yake isipokuwa jinsi ya kukaa kimya. Koplo alitengeneza meli ileile ya Burma kila mara. Nilipojiunga nao alikuwa kwenye ya tano. Kila moja aliiwekea kijiti kimoja ukingoni mwa sitaha, kimeinama kichwa nje.

"Huyu ni mimi," alikuwa akieleza wageni, "nikitapika."

Fundi ndiye aliyetufundisha. Yeye hakuwahi kufanya kazi ya meli, lakini alikuwa amefika nchi hii kwa meli akiwa kijana, na njiani alishinda karibu na seremala wa meli hiyo akimtazama. Alisema behewa na meli ni ndugu, ila mmoja amekataa kuguswa na maji. Alitufundisha kusimamisha uti wa mgongo kwanza, kisha mbavu, kisha sitaha, na mwisho mbao za ubavuni. Hizo unazianza kutoka juu na kutoka chini, ubao kwa ubao, mpaka zikaribie kukutana katikati, na pale katikati hubaki mwanya wa upana wa kidole.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapo ndipo habari yangu ilipo. Huo ubao wa mwisho, wa kuziba mwanya, mwenye meli hakuruhusiwa kuupigilia. Ilikuwa sheria ya Fundi, na alisema aliipata kwa yule seremala wa melini. Unampa mwenzako meli yako. Anaigeuzia jua, anafumba jicho moja, anachungulia ndani mpaka atosheke. Halafu lazima ataje kasoro moja aliyoiona. Akisema hakuona hata moja, anaambiwa atazame tena, kwa sababu meli isiyo na kasoro haijatengenezwa na mtu. Baada ya kuitaja, ndipo yeye mwenyewe, huyo mwenzako, anapigilia ubao wa mwisho, na tangu hapo hakuna atakayeona ndani ya meli hiyo tena. Kinachobaki ni neno la aliyetazama.

Nilikuwa na miaka kumi na minane wakati huo. Baba alikuwa mpanga mbao katika kiwanda hichohicho, na rundo la magogo lilimwangukia. Mama alimfuata mwaka uliofuata, kwa homa. Nilikuwa darasa la tano, mkubwa kuliko wenzangu wote darasani, maana nilianza shule nimechelewa. Niliacha vitabu nikachukua glavu za baba. Nyuma yangu alikuwepo Dorika, na nyuma ya Dorika alikuwepo Petro, aliyekuwa bado anapoteza meno. Tulikuwa na chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, na baba mdogo, aliyekuwa akiishi Kitale, alikuwa na shauri lake: Petro aende kwa shangazi, Dorika aende kwake Kitale kulea watoto wake, nami nijitafutie. Hakuwa mtu mbaya. Aliona kijana mdogo anajaribu kubeba nyumba, akaogopa.

Mimi nilikataa. Tulivutana sana, na mwisho baba mdogo alisema neno ambalo niliona ni la haki, na lililonikosesha usingizi. "Mimi sitakuamini wewe, Zakayo, kwa sababu ni wewe unayetaka. Nitakuja mwisho wa mwezi nimuulize Dorika. Msichana ana akili. Akisema unawatunza vizuri, mtabaki. Akisita hata kidogo, naondoka nao."

Basi ujue hilo, mwanangu: nyumba yetu yote ilikuwa juu ya neno la Dorika.

Na kulikuwa na sanduku. Baba alilitengeneza kwa mwerezi wakati alipooa, na kila mtoto alipozaliwa alipasha moto msumari akaandika jina lake ndani, kwenye ubao wa chini. Majina yalikuwa mstari mmoja chini ya mwingine, kwa herufi ndogo zilizonyooka, kana kwamba alitumia rula. Hakutuachia barua wala picha. Mwandiko wake wote uliobaki duniani ulikuwa hayo majina matatu chini ya mablanketi. Na kabla ya kufa, Mama alisema mbele yetu sote kwamba sanduku ni la Dorika, aende nalo atakapoolewa.

Mpaka hapo nilikuwa na heshima zangu. Sikunywa pombe, sikukosa kazi hata siku moja. Lakini nilikuwa na tamaa moja, nayo ilikuwa ile meli.

Ilikuwa ya kwanza kuitengeneza peke yangu. Mara mbili niliiwekea mbao za ubavuni, na mara mbili nilizing'oa. Nilitumia vipande vya podo, ile mbao nyeupe, vilivyotupwa na msumeno wa kiwanda, na podo ile ilikuwa mbichi. Ikiwekwa Jumapili imekaa vizuri kama meno ya mtoto, ukirudi wiki ya pili imekauka, imejikunja, imeacha nafasi unazoweza kupitisha shilingi. Juma aliangalia akasema, "Kaka, hii si meli, hii ni kichungi cha chai." Walicheka, nami nilicheka, lakini nilikwenda nayo nyumbani moyo ukiniuma. Ungefikiri ni kitu kidogo. Kwangu hakikuwa kidogo. Kila kitu kingine nilichofanya katika maisha yale nilikifanya kwa kuwa kilinilazimu. Meli peke yake niliichagua.

Nilihitaji mbao kavu. Na usiku nikilala mkeka wangu ulikuwa kando ya sanduku, na nilisikia harufu ya mwerezi uliokauka miaka ishirini.

Jumatano moja nilitoka kazini nikakuta Dorika amekwenda na Petro zahanati. Nilitoa mablanketi, nikageuza sanduku, nikatoa ubao wa chini kwa uangalifu mkubwa, nikaweka wa podo mahali pake. Nilijiambia ni ubao wa chini, nani huangalia ubao wa chini? Nilijiambia nitaurudisha mwingine wa mwerezi mzuri zaidi nikipata. Nilijiambia pia kwamba jina langu nalo lilikuwemo, kwa hiyo nilikuwa na sehemu yangu. Mtu anapotaka kufanya jambo baya hakosi maneno.

Nilianza kupasua ubao ule kuwa mikanda myembamba. Yale majina nilikusudia kuyaondoa kwa randa. Niliweka randa juu ya jina la Petro, nikasukuma, na mkono haukwenda. Nilijaribu mara mbili. Basi nikapitisha msumeno katikati ya mistari, kila jina likabaki zima kwenye mkanda wake, na nikaweka mikanda hiyo mitatu ubavuni mwa meli, maandishi yakitazama ndani. Mwerezi ule ulilala mwenyewe. Ulikunjika juu ya mvuke kama ngozi. Sijapata kuona mbao zilizokutana vile, na naona haya kukwambia, lakini nilifurahi.

Furaha ilikwisha nilipofika kwenye mwanya wa mwisho. Nilifahamu kwamba yeyote atakayechungulia atasoma. Na akisoma atauliza. Basi Jumamosi, peke yangu chumbani, nilipaka gundi nikapigilia ubao wa mwisho mwenyewe. Nilipanga kusema kwamba nilisahau sheria.

Jumapili ikafika. Fundi aliichukua meli yangu kwa mikono miwili, kama anavyochukua kila meli, ya kwako au ya mjinga. Akapitisha kidole gumba ubavuni, kutoka mbele hadi nyuma.

"Zakayo," akasema, "mbao hii imekauka vizuri sana."

"Ndiyo, Fundi."

"Na imefungwa."

"Ndiyo, Fundi."

"Nani ametazama ndani?"

Maneno niliyoyapanga hayakutoka. Yalitoka mengine. "Dada yangu. Dorika."

Niliona nimepata jibu zuri, kwa sababu Dorika hakuwahi kukanyaga pale. Lakini Juma alikuwa akitazama nyuma ya bega langu, na uso wake ukachanua. Nikageuka. Dorika alikuwa anakuja katikati ya marundo ya mbao, ameshika kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha.

"Wah! Shahidi mwenyewe huyo!" Juma akaita. "Karibu dada, karibu! Kumbe siku hizi wewe ni mkaguzi wa meli na hutuambii? Sisi miaka yote tunakaguliwa na wenye ndevu!"

Dorika alisimama. Alinitazama mimi. Nilitamani punda anipige teke.

Fundi alimweleza taratibu, kwa heshima, kama angemweleza mtu mzima. "Kaka yako anasema ulitazama ndani ya meli hii kabla hajafunga. Ni kweli, binti?"

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Hakuwa ameambiwa lolote, hakujua sheria yetu wala sababu ya swali. Alijua tu kwamba kaka yake amesema neno mbele ya watu, na kwamba likianguka litaanguka mbele ya watu.

"Nilitazama," akasema.

"Basi taja kasoro," Koplo akasema, akijifurahisha tu, mikono nyuma kama yuko gwaride. "Ndiyo sheria, mama. Usimwonee huruma. Yangu walitaja tatu na bado ninakula."

Dorika aliweka kikapu chini. Alifungua kitambaa chake cha kichwa akakifunga upya, jambo analolifanya hadi leo anapotaka muda wa kufikiri.

"Kasoro iko," akasema. "Lakini ni ya nyumbani kwetu. Mwenyewe ataitaja."

Hapo nilielewa kwamba anajua. Sikujua anajuaje, lakini anajua. Punda aliingiza mdomo majini akanywa, na tulisikia kila funda.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni mambo ya kifamilia, na wale watu walikuwa waungwana, wangeniacha. Lakini nilimwona Dorika amesimama pale, amebeba uongo wangu kama vile alivyobeba kile kikapu, bila kulalamika. Nikachukua patasi ya Fundi. Gundi ilikuwa ya siku moja tu, haikuwa imeshika sana. Niling'oa ubao wa mwisho, nikampa Fundi meli. Fundi akaigeuzia jua, akafumba jicho, akachungulia. Kisha akampa Juma, maana Fundi hakuzizoea herufi zetu.

Juma akasoma kwa sauti, na ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho niliyomsikia akisema maneno matatu peke yake. "Zakayo. Dorika. Petro."

"Nani aliandika?" Fundi akauliza.

"Baba," nikasema. "Ni ubao wa sanduku la Dorika. Nilimwibia. Na hakutazama ndani. Nimemsingizia."

Fundi alichana ndevu kwa vidole. "Kwa nini hukuniomba mbao? Nina kipande cha msaji kutoka behewa la zamani. Kimekauka kuliko mimi. Mchana nakiweka chini ya kichwa nikilala."

"Niliona haya kuomba, Fundi."

"Haya." Alitikisa kichwa. "Uliona haya kuomba kipande cha mbao. Hukuona haya kumfanya msichana huyu aseme ameona kitu ambacho hajaona. Meli tutaitengeneza, Zakayo, hata mara kumi. Neno la dada yako ungelitengeneza na nini?"

Mwanangu, nimekemewa na wengi, na wengine walipiga kelele mpaka mate yakaruka. Siyakumbuki maneno yao. Ya Fundi ninayo mpaka leo, na aliyasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

Juma, aliyependa kila jambo liwe na dawa, alisema tutang'oa mikanda yote, tutaiunga kwa gundi, ubao utarudi sandukuni na hata nyufa hazitaonekana. Dorika akasema, "Msiiguse." Aliichukua meli, akaiinua kwenye mwanga, akaweka jicho penye mwanya. Alitazama muda mrefu kuliko sheria inavyotaka.

"Majina yanaonekana vizuri kuliko mle sandukuni," akasema. "Acheni hivi hivi. Msiuzibe huo mwanya."

"Lakini ikiwa wazi itazama, mama," Koplo akamwambia kwa upole.

"Basi isiende majini."

Hivyo meli yangu ya kwanza, yenye ubavu mzuri kuliko zote zilizopita pale, haikugusa maji hata siku moja. Tulikula viazi vitamu. Koplo alishusha yake ya tano, ikaenda vizuri mpaka punda akaipumulia.

Njiani kurudi nyumbani mimi na Dorika tulivuka reli. Ndipo akaniambia kwamba Alhamisi alitoa mablanketi kuyaanika, akaona ubao mweupe. "Nikangoja useme. Alhamisi nikangoja. Ijumaa nikangoja. Jana nikakuona kupitia mlangoni unapigilia, nikasema atasema kesho kwa wenzake. Ndiyo maana nilikuja."

"Mbona hukusema pale kwamba ni uongo?"

"Wewe ndiye baba yetu sasa, kaka. Siwezi kukuita mwongo mbele ya watu." Akatembea kidogo. "Lakini usinifanye shahidi wa jambo ambalo hujanionyesha. Ukirudia, baba mdogo akija, nitapanda naye gari."

Nilimwambia sitarudia. Alisema tutaona.

Mwisho wa mwezi baba mdogo alikuja, na kofia yake, na mfuko wa mahindi mabichi. Alimwita Dorika nje, lakini Dorika alisema aulizwe hapohapo, mbele yangu na mbele ya Petro. Baba mdogo akauliza kama wanakula, kama Petro anakwenda shule, kama ninarudi nyumbani mapema. Yote alijibu ndiyo. Kisha akauliza, "Na kuna jambo lolote amekukosea?"

"Kuna," Dorika akasema, nami nikashika ukingo wa kiti. "Alichukua ubao wa sanduku langu. Amekubali mbele ya watu, na atalipa. Kwa hiyo hatuwezi kuondoka, baba mdogo. Ninamdai."

Baba mdogo alimtazama, akanitazama, na akaanza kucheka mpaka akavua kofia. Tulibaki.

Baada ya hapo Fundi alianza kunifundisha kazi yake, Jumapili kwa Jumapili, na kile kipande cha msaji alinipa siku alipostaafu akaondoka Nakuru. Nimekuwa seremala maisha yangu yote. Nimetengeneza milango Milimani, na vitanda Lanet, na majeneza ya watu niliowapenda, likiwemo la Juma. Na sijawahi kufunga dari au kuziba ukuta wa mbao kabla ya kumwita mwenye nyumba apande ngazi atazame ndani. Wengine hukasirika, husema wana haraka, wananiamini. Nawaambia hata kama mnaniamini, pandeni. Na wakishuka nawauliza kasoro gani wameiona.

Hilo ndilo ninalotaka kukuachia, mwanangu. Utafanya mambo mengi ambayo ndani yake hayataonekana tena baada ya kufungwa: ndoa, biashara, malezi, hata sala. Kabla hujaziba mwanya wa mwisho, mwite mtu unayemheshimu achungulie. Usichague anayekuogopa, wala anayekusifia kila kitu. Akitaja kasoro, usimkasirikie. Amekusaidia kabla gundi haijakauka. Na usimfanye mtu anayekupenda aseme kwa ajili yako jambo ambalo hukumwonyesha, kwa sababu atalisema. Huo ndio ubaya wake. Atalisema, na wewe utaishi ukijua alikulipia kwa kitu chake kizuri kabisa, yaani neno lake. Kama una haja, omba. Huenda kuna mzee mahali fulani ameweka chini ya kichwa kitu unachokitafuta, na anangoja tu mtu aulize.

Mungu akupe mikono yenye subira na marafiki wenye macho. Akupe nyumba ambayo mgeni anaweza kufungua sanduku lolote usishtuke. Na akupe dada kama wangu, au akufanye uwe dada kama huyo kwa mtu mwingine.

Dorika yuko Njoro, ni bibi mwenye wajukuu kumi na mmoja. Sanduku liko sebuleni kwake na bado lina ubao wa podo chini. Juu yake ipo ile meli, na wajukuu huchungulia mwanya kwa tochi wakisoma majina kwa zamu. Kwa miaka hii yote nimempelekea ubao wa mwerezi mara nyingi. Wa kwanza alisema ni mwekundu mno. Wa pili ulinuka stoo. Wa tatu nilimpelekea alipoolewa, nikiwa na hakika kabisa. Aliugeuza, akaugonga kwa kidole, akasema, "Mzuri, kaka, lakini sio huu."

Mwaka jana nilichoka nikamuuliza wazi ni ubao gani anautaka. Alifungua kitambaa chake cha kichwa akakifunga upya.

"Ukishalipa," akasema, "utakuwa unakuja Njoro kufanya nini?"

Jumapili hii baada ya kanisa nakwenda. Nimepata kipande kizuri, kutoka kwenye nguzo ya zamani ya ua, kavu kabisa, na nimekipiga msasa pande zote mbili. Najua atakikataa.